Milimita 28 za Moi Avenue

Saa sita mchana kwenye Kenyatta Avenue, Nairobi, jua likiwa utosini, weka filamu ya ISO 400 ndani ya Leica M6, kamera ambayo shata yake haizidi kasi ya 1/1000 ya sekunde. Mwanga huo unataka tundu la f/11. Sasa funga lenzi ya f/1.4, ile ambayo wapenzi wa vitu vya kale huitafuta kwa udi na uvumba, na ulifungue tundu lake lote. Filamu itapokea mwanga mara 64 ya ule inaouhitaji, na kitakachotoka kwenye dawa za maabara ni ukanda mweusi usiosomeka. Namba iliyoipandishia lenzi hiyo bei ndiyo namba ambayo mji huu hauna kazi nayo tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni.

Naanzia kwenye hesabu kwa sababu mazungumzo ya lenzi pana za mtindo wa kale karibu kila mara huanzia kwenye "tabia": jinsi lenzi fulani inavyolainisha mandhari ya nyuma, jinsi nyingine inavyozipa taa miali. Tabia ipo, na nitaifikia. Lakini lenzi hizi zilibuniwa na kusifiwa kwingine. Wetzlar, mji wa Ujerumani zilikotengenezwa lenzi za Leitz, jua la adhuhuri mwishoni mwa Desemba hupanda nyuzi 16 tu juu ya upeo wa macho. Nairobi iko nyuzi moja na ushee kusini mwa ikweta, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua lake la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 65 siku yoyote ya mwaka. Mpiga picha wa kule alikuwa akiutafuta mwanga; wa hapa anaukimbia. Kwa hiyo ninapozilinganisha lenzi hizi nauliza kwanza mpiga picha anasimama umbali gani na anachokipiga, kisha jua liko wapi. Tabia ya lenzi naiweka ya tatu.

Renjifainda, kama hiyo Leica M6, ni kamera ambayo hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha kilicho pembeni, na unalenga kwa kuzisogeza taswira mbili za kitu kimoja mpaka zilaliane. Ndani hamna kioo cha kupanda na kushuka kama kilichomo kwenye kamera za SLR, na ukosefu wa kioo hicho ndio uliozipa lenzi zake pana umbo na sura. Kwenye SLR kioo kinataka nafasi, hivyo lenzi pana hulazimika kukaa mbali na filamu; Angénieux wa Ufaransa alilitatua hilo mwaka 1950 kwa lenzi yake ya Retrofocus. Kwenye renjifainda kioo cha nyuma cha lenzi kinaweza kuikaribia filamu mpaka kibakize milimita chache. Mbunifu anapata uhuru wa kuzifanya nusu mbili za lenzi zifanane, ya mbele na ya nyuma, makosa ya moja yakafutwa na ya mwenzake. Kinachopatikana ni lenzi ndogo ya kutosha mfuko wa shati, ambayo haipindi mistari. Deni lake linalipwa kwenye kona. Kwa jiometria peke yake, lenzi ya milimita 35 hupoteza karibu nusu ya mwanga kwenye kona za picha, ya 28 hupoteza asilimia 60 hivi, na ya 21 hupoteza robo tatu.

Ukoo wenyewe si mkubwa. Zeiss walikuwa na Ludwig Bertele, aliyebuni Biogon ya milimita 35 kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha ile ya 21, f/4.5, iliyotoka mwaka 1954. Leitz walitoa Summaron ya 28, f/5.6, mwaka 1955. Summicron ya 35, f/2, yenye vioo vinane, mwaka 1958. Na Summilux ya 35, f/1.4, mwaka 1961. Ya 21 walitengenezewa na Schneider wa Kreuznach, ikaitwa Super-Angulon. Wasovieti waliifuata Biogon ya 35 wakapata Jupiter-12, na Mikhail Rusinov akawabunia Russar MR-2 ya milimita 20. Canon na Nikon nao walikuwa na zao za skrubu ya milimita 39. Kisha ikaja Nikon F mwaka 1959, waandishi wa habari wakahamia SLR, na kwa miaka mingi lenzi hizi zikabaki mikononi mwa wachache. Zilizinduliwa upya na Cosina ya Japani iliyoanza mwaka 1999 kutumia jina la Voigtländer. Ikafuata safu ya Zeiss ZM, nyingi kati yake zikitengenezwa na Cosina hiyohiyo. Leica wenyewe waliirudisha Summaron ya 28 mwaka 2016 na Summilux ya 35 mwaka 2022, na Wachina wa TTArtisan, 7Artisans na Light Lens Lab wakaingia sokoni na bei zao.

Hapo ndipo mnunuzi anapochanganyikiwa, kwa sababu vitu vitatu tofauti vinauzwa kwa sifa moja. Kuna lenzi iliyozeeka kweli, ya mwaka 1958, na kuvu wake ndani. Kuna lenzi mpya iliyojengwa kwa ramani ya zamani, kama Summaron iliyorudishwa, ambayo vioo vyake vimepangwa vilevile ila vimepakwa utando wa kisasa. Na kuna lenzi ya kisasa kabisa iliyovishwa kanzu ya babu: Ultron ya 35, f/2, ya Voigtländer ina pete za chuma na michoro ya miaka ya hamsini, lakini ndani yake kuna kioo cha asferi na picha zake ni kavu, kali, za karne hii. Sina ugomvi na Ultron. Ni lenzi nzuri mno. Ila anayeinunua akitafuta sura ya picha za zamani amenunua kanzu.

Tuingie mjini. Kati ya Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka na steji ya Ambassadeur, watu wanakupita umbali wa mita moja na nusu hadi tatu, na hakuna anayekusubiri ulenge. Kinachoamua hapa ni kina cha fokasi. Lenzi ya milimita 28, ikifungwa f/8 na kuwekwa mita 3.3, inashika kila kitu kuanzia mita 1.65 mpaka mwisho wa macho. Hulengi tena, unatembea, unainua, unabonyeza. Lenzi ya 35 kwa tundu lilelile lazima uiweke mita 5, na ukali wake unaanzia mita mbili na nusu, kwa hiyo yule aliyekupita begani umempoteza. Ya 21 inaanzia chini ya mita moja. Upana nao ni hivyo: ukisimama mita tatu kutoka kwa mtu, 35 inakuonyesha upana wa mita tatu, 28 karibu mita nne, 21 zaidi ya tano. Mita nne ndizo zinazomtosha mchuuzi wa miwani, wateja wake wawili na makanga anayepita akipiga kelele.

Wapenzi wa 21 watasema mji huu ni wa maghorofa. Ni kweli, na hesabu yao ni halali. Ukitaka jengo la KICC, lenye urefu wa mita 105, liingie lote kwenye picha ya wima bila kuinamisha kamera, kwa 35 unahitaji kurudi nyuma mita 200, kwa 28 mita 160, kwa 21 mita 120. Katikati ya jiji mita 200 za uwazi hazipatikani kirahisi. Kwa majengo, basi, 21 inajilipa, na kama ni majengo peke yake ningechagua Zeiss C Biogon ya f/4.5, ambayo mistari yake hainyooshwi na kompyuta kwa sababu imenyooka yenyewe. Kwa watu nina shaka. Ili 21 isikupe umati wa sisimizi chini ya anga kubwa, lazima uwe umbali wa mkono, na Nairobi mtu asiyemjua akikusogelea hivyo unashika mfuko kwanza, ndipo unamwangalia usoni. Isitoshe, kidirisha cha Leica hakina fremu ya 21. Lazima uchomeke kingine juu ya kamera, na kamera inayoota pembe haipiti kimya mbele ya mlinzi.

Mlinzi ni sehemu ya uchambuzi huu. Tangu bomu la Agosti 7, 1998 kwenye ubalozi wa Marekani, kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, na tena tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013 kule Westlands, kila mlango wa jengo una mtu aliyeambiwa awe macho na kamera. Lenzi kubwa humfanya asimame. Lenzi fupi kama Summaron, yenye gramu 165 na isiyochomoza kuzidi upana wa vidole viwili, mara nyingi humfanya aulize kama kamera hiyo bado inafanya kazi. Nimeona maongezi kama hayo yakiishia kwenye kicheko, na picha ikapigwa. Hilo halihamishiki hadi Bunge wala Ikulu; huko hata lenzi ya mfuko wa shati haitakusaidia.

Kuna mabadiliko mengine ambayo wauzaji wa lenzi hawayataji. Kamera kuu ya simu ya mkononi siku hizi huona kwa upana wa milimita 24 hadi 26. Kijana wa Nairobi aliyelelewa na simu ameshaona maelfu ya picha pana kabla ya kugusa renjifainda, na kwake 28 ni jicho la kawaida. Mwaka 1957, Leica M2 ilipoletwa ikiwa na fremu ya 35 ndani ya kidirisha, 35 ilikuwa lenzi pana yenye ujasiri. M3 iliyoitangulia haikuwa nayo kabisa. Leo 35 humfanya kijana huyo aulize kwa nini picha imebanwa. Nadhani hii ni sifa ya 35, maana inamlazimisha kuchagua, lakini ndiyo sababu nyingine ya 28 kushinda katikati ya jiji: inazungumza lugha ambayo watazamaji wameizoea, kisha inawashangaza kwa mistari yake iliyonyooka.

Mji huu una historia ya kupigwa picha kwa karibu. Julai 5, 1969, waziri Tom Mboya alipopigwa risasi nje ya duka la dawa la Chhani kwenye Government Road, ambayo ndiyo Moi Avenue ya leo, mpiga picha Mohamed Amin aliwahi kufika, na picha zake za Mboya ndani ya ambulensi ni za mtu asiyekuwa na mahali pa kurudi nyuma. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi aliyeyafanyia kazi majarida ya Time na Life na kuuawa Nigeria mwaka 1968, aliacha mkusanyiko mkubwa wa picha uliokuja kugunduliwa ndani ya gereji jijini humu na kuchapishwa kitabu mwaka 2018. Picha zake za miaka ya Hali ya Hatari na ya uhuru zinaonyesha mtu aliyeijua mitaa hii kwa hatua zake. Ukizitazama unaona kwamba umbali wa mpiga picha ndio unaobeba maana. Upana wa lenzi unaufuata.

Sasa panda matatu uelekee magharibi, na kila nilichokisema kuhusu 28 kinaanza kulegea. Lavington na Kileleshwa ni mitaa ya kuta: michongoma iliyokatwa wima, mageti ya chuma, nyaya za umeme juu, barabara pana, na mtu mmoja mmoja. Askari kwenye kiti cha plastiki. Mama mboga kwenye kona chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Mafundi wa ghorofa jipya wakila mchana kando ya lori la mchanga. Ukiwa ng'ambo ya barabara, mita nane hivi, lenzi ya 28 inakupa upana wa mita kumi, na yule askari akisimama anachukua robo ya kimo cha picha. Sehemu iliyobaki ni lami na anga. Ukitaka kumkaribia lazima uvuke barabara tupu huku anakutazama, na ukifika picha uliyoiona imekwisha kuwa picha nyingine: mtu anayesubiri kujua unataka nini. Ya 35 inamfikisha karibu theluthi ya kimo. Si tofauti kubwa kwenye karatasi, lakini ndiyo inayotenganisha picha ya mtu na picha ya ukuta wenye mtu.

Kwa hiyo kwa mitaa hii ningeshika 35, na ndani ya kundi la 35 ushindani ni mkali kweli. Nokton Classic ya Voigtländer, f/1.4, imefuata nyayo za Summilux ya mwaka 1961 kwa sehemu ndogo ya bei yake. Ina makosa mawili yanayojulikana: inapinda mistari kuelekea nje kama pipa, na fokasi yake huhama unapofunga tundu. Kosa la kwanza utaliona siku utakapozipiga nguzo za Maktaba ya McMillan pale Banda Street. La pili utaliona ukimpiga mtu wa mita moja na nusu kwa f/2.8 na kukuta masikio yake makali kuliko macho. C Biogon ya 35, f/2.8, haina kosa lolote kati ya hayo, na ni ndogo. Ningeiita lenzi bora ya kundi lote kama ubora ungekuwa kila kitu. Summicron ya vioo vinane imegeuka kuwa mali ya wakusanyaji, na wanaoitaka kwa picha badala ya kabati sasa wananunua nakala yake ya Light Lens Lab. Jupiter-12 ndiyo ya maskini mwenye bahati. Kioo chake cha nyuma kimechomoza kama jicho la kinyonga, kwa hiyo pima kabla ya kuifunga, maana kuna kamera ambazo kitagonga ndani. Ukipata iliyokusanywa vizuri, inakupa sura ya Biogon kwa pesa ya viatu.

Ila "magharibi mwa jiji" si Lavington peke yake. Matatu ya namba 46 inaishia Kawangware, na pale vichochoro vya mabati vina upana wa mita mbili, mlango unatazamana na mlango, na mwanga unashuka kutoka ufa mmoja wa anga. Hapo 35 inakuwa kama kutazama kupitia tundu la ufunguo. 28 inarudi kazini, na hata 21 inapata heshima yake: Color-Skopar ya 21, f/4, yenye gramu 136, inaingia ndani ya kinyozi au kibanda cha mkaa bila kumsukuma mtu. Tena Kawangware, tofauti na Moi Avenue, huwezi kupita ukipiga picha. Unakaa, unanunua chai, unajulikana. Umbali wa mkono unakuwa umbali wa kawaida.

Waiyaki Way ni kisa cha peke yake tangu barabara kuu ya juu, Expressway, ifunguliwe mwaka 2022. Nguzo zake zimeleta Westlands kivuli ambacho hakikuwepo, na tofauti ya mwanga kati ya chini ya daraja na kando yake ni kubwa kuliko filamu nyingi zinavyoweza kubeba kwa raha. Hapa ndipo tabia ya lenzi inapoacha kuwa porojo.

Kwa sababu hii. Jua la adhuhuri likiwa juu kabisa, uso wa mtu mweusi aliyevaa kofia uko gizani huku shati lake jeupe linawaka. Lenzi ya kisasa yenye utando mwingi inachora tofauti hiyo kwa uaminifu, na uso unazama. Lenzi ya zamani yenye utando mmoja, au isiyo na utando, inaruhusu mwanga kidogo kuzurura ndani ya vioo na kumwagika juu ya picha nzima. Kwenye filamu mwanga huo wa kuzurura hupiga sehemu za giza kama mwanga mdogo wa awali na kuzivusha kizingiti ambacho chini yake filamu haisajili chochote. Uso unatokea. Ndiyo maana Voigtländer wamekuwa wakiuza Nokton moja kwa sura mbili, SC ya utando mmoja na MC ya utando mwingi, na kwa filamu ya rangi nyeusi na nyeupe katika jiji hili ningechukua SC. Kwa kamera ya dijitali hoja hiyo inakufa: sensa haina kizingiti cha namna ile, na kinachoongezeka ni ukungu ambao utauondoa baadaye kwa programu. Na hata kwenye filamu lenzi haitakuokoa kama umepima mwanga wa shati. Pima uso, ongeza mwanga, liache shati lijitetee.

Upande wa pili wa sarafu unaonekana jioni. Ngong Road na Waiyaki Way zote zinaelekea upande wa machweo, na watu wanaorudi nyumbani wanalikabili jua. Kufikia saa kumi na moja jua limeshuka hadi nyuzi 22 hivi, na tangu hapo, ukitazama magharibi na lenzi ya 28 bila kuinamisha kamera, jua lenyewe limeingia ndani ya fremu yako. Kofia ya lenzi haina msaada kwa kilicho ndani ya fremu. Sasa SC na lenzi zote za mzee Leitz zinageuka: foleni ya matatu za 111 inayeyuka katika ukungu wa dhahabu, na kuna siku unaupenda na siku unatamani uone namba ya gari. C Biogon na Summaron mpya zinasimama imara zaidi. Mtu anayefanya kazi saa hiyo kila siku asisikilize hadithi za tabia. Achukue utando wa kisasa.

Kona zenye giza hazinisumbui kabisa. Anga la Nairobi mchana ni jeupe kuliko tunavyolikumbuka, na lenzi inayolipunguzia kona zake mwanga inafanya kazi ambayo mchapaji angeifanya kwa mkono.

Usiku ni ufalme wa f/1.4, nami siukani. Machweo ya hapa hayana subira. Dakika ishirini baada ya jua kuzama ni giza. Chini ya taa za River Road, filamu ya 400 ikisukumwa hadi 1600, lenzi ya f/1.4 inaweza kukupa 1/125 ya sekunde mahali ambapo Summaron ya f/5.6 inakupa 1/8, na kwa 1/8 hakuna mtu anayetembea atakayebaki na uso. Anayepiga picha za muziki na baa za Westlands anunue Nokton na asahau kila nilichosema juu ya f/11. Ninachopinga ni kulipa bei ya usiku kwa ajili ya picha za mchana, jambo ambalo wengi hulifanya. Summilux iliyorudishwa ilitangazwa kwa karibu dola 3,900, Summaron kwa kama 2,500, na TTArtisan ya 28, f/5.6, inayoiga Summaron hadi kwenye kishikio, haifiki dola 500. Juu ya bei hizo weka usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Picha za TTArtisan na za Summaron, zikifungwa f/8, nisingethubutu kuzitenganisha kwenye gazeti.

Kwa wenye kamera za dijitali zenye adapta, ambao ndio wengi, kuna onyo. Lenzi hizi za nusu mbili zinazofanana hupeleka mwanga kwenye kona kwa mshazari mkali. Filamu haijali, sensa inajali. Kwenye Sony nyingi kona za Biogon ya 21 zinakuwa kama zimepakwa mafuta, na hata Leica za dijitali za mwanzo huzipa kingo rangi ya zambarau. Oktoba, mijakaranda ikiwa imechanua, kosa hilo linaweza kupita bila kuonekana. Miezi mingine halifichiki. Kwenye Fujifilm zenye sensa ndogo, kona mbaya zinakatwa, lakini upana nao unakatwa: 28 inaona kama 42, na 21 kama 32. Mwenye Fujifilm anayetaka Moi Avenue ya 28 itabidi anunue lenzi ya 18 au 19, na hapo renjifainda za kale hazina cha kumpa.

Anayenunua iliyotumika aichunguze kwa tochi ya simu, tundu likiwa wazi, akitazama kutoka nyuma. Kuvu wanaonekana kama nyuzi za buibui. Ukungu unaonekana kama pumzi kwenye dirisha, na Summaron za 35 za zamani ni wagonjwa wake wakubwa. Ukungu mara nyingi husafishika. Kuvu waliokwisha kula kioo hawasafishiki. Lenzi iliyokaa Mombasa miaka kumi kwenye mfuko wa ngozi ni bahati nasibu, hata kama nje yake inang'aa.

Ukinilazimisha kuchagua moja ni 28, ya polepole, ndogo, yenye utando wa kisasa, kwa sababu kazi yangu nyingi iko kati ya Railways na University Way. Anayeishi na kupiga picha kuanzia Yaya Centre kwenda mbele ana haki ya kuchagua 35, na hoja yake yenye nguvu kuliko zote ni Jumamosi ya ruracio, yaani sherehe ya mahari. Hema limefungwa kwenye ua huko Kinoo, familia mbili zimepanga viti, na mpiga picha amesukumwa hadi ukutani. Kwa 28 wote wanaingia. Lakini kadiri kitu kinavyokaribia ukingo wa lenzi pana ndivyo kinavyovutwa: kichwa kilicho ukingoni kabisa kinapanuka kwa asilimia 12 kwenye 35, 19 kwenye 28, na 32 kwenye 21. Hilo si kosa la lenzi, na hakuna Zeiss wala Leitz atakayelitengeneza, kwa kuwa ndiyo sharti la kunyoosha mistari. Shosho aliyepewa kiti cha mwisho wa safu atapokea picha yake kwenye WhatsApp na hatasikia habari ya jiometria. Kama umebeba 28 peke yake, panga safu tatu badala ya mbili, wazee wote katikati, na ukingoni wasimamishe vijana wembamba.